Kiti cha Tata Lukusa

Ndugu wa Subira ni kanisa ambalo hata majirani waliopakana nalo hawana hakika kama bado lipo. Mjini Kolwezi, ambako kila barabara ina nabii wake na kila nabii ana spika zake, wao huimba bila ngoma, hawaahidi safari ya Ulaya wala mchumba, na mtu hufundishwa miaka miwili ndipo abatizwe. Ajabu ni kwamba walikuwa hawapungui.

Sababu ilikuwa viti, na Mama Kapinga. Aliyebatizwa alileta kiti chake, jina limepakwa rangi kwenye egemeo, na kiti kikabaki kanisani. Kila Jumapili Mama Kapinga alisoma majina ya viti vitupu, na kabla ya jioni alikuwa amebisha hodi kwa wenyewe. Hakuhubiri. Alikaa, akala alichopewa, akaaga. Watu walirudi, wengine kwa imani, wengine kwa kuyaonea huruma masufuria yao.

Kisha shemasi Zéphirin akaenda Lubumbashi kwenye semina ya ukuaji wa makanisa. Alirudi na hoja isiyopingika: mgeni akikuta kila kiti kina mwenyewe, atakaa wapi? Vikaja viti vyeupe visivyo na majina, vya zamani vikarudi nyumbani. Vyeupe vilivyokosa watu, shemasi alivitoa nje kabla ya mahubiri. Kwa njia hiyo kanisa lilijaa kila Jumapili, huku likipungua.

Mama Kapinga naye alikufurahia kujaa huko, mpaka siku moja, katikati ya wimbo, akagundua kwamba sauti ya chini haipo. Ilikuwa ya Tata Lukusa, mzee aliyefiwa na mkewe, mstaafu wa mgodi uitwao Mashamba. Alijaribu kukumbuka alimwona lini mara ya mwisho, akashindwa.

Alimkuta uani, kwenye kiti chake cha bluu.

"Jambo, tata. Hatukuone siku mingi."

"Leo njo unajua? Mi niligonjwa, mama. Nikangoya. Nikapona. Nikangoya tena."

"Ni kosa yangu, tata."

"Bale ba nabii ya ng'ambo ya barabara balikuya. Balisali na nguvu, kichwa ikaniuma. Lakini balikuya. Jumapili mi naenda kwabo."

Mama Kapinga alishika egemeo la kiti.

"Simama kiloko, tata."

Akasimama. Mama akakitwika kiti kichwani, akashika njia.

"Unapeleka wapi ile kiti?"

"Mu kanisa."

"Na mi nitaikala wapi?"

"Kule kwenye iko."

Mzee hakuwa na kingine, na Mama Kapinga alilijua hilo. Miaka yote kazi yake ilikuwa kujua watu wamekalia nini. Alitembea polepole kwa heshima ya magoti ya mzee, aliyemfuata akinung'unika mtaa mzima usikie.

Kanisani shemasi alikuwa akifagia. Alikitazama kiti cha bluu kikitua mstari wa mbele kati ya vyeupe.

"Mama, na bageni?"

"Bageni bataikala pa bile bieupe. Huyu si mugeni."

Tata Lukusa aliketi, akavuta pumzi.

"Sasa kiti iko huku. Jumapili mi nitaenda wapi?"

Mama Kapinga alikiri kwamba hilo ni swali gumu, akaenda kumletea maji.