Mguu wa Mama kwa Kiingereza

Mwalimu wangu wa Kiingereza alikuwa na sheria moja iliyonichosha roho. Ukishajifunza neno na maana yake, lazima ulitungie sentensi yako mwenyewe, na sentensi hiyo iwe ya kweli. Si ya kubuni, si ya kunakili kwenye kamusi. Iwe jambo la kwako, la nyumbani au la kazini. "Neno ulilolidanganyia halikai kichwani," alikuwa akisema, huku amevaa sweta katika joto la Tanga kana kwamba bado yuko kwao Lushoto. Alikuwa Msambaa, mwalimu mstaafu wa sekondari, Mlutheri asiyekosa ibada, na alifundishia uani kwake Chumbageni, kuku wakitupita miguuni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Tongoni. Nafundisha Kiswahili na hesabu. Wakati huo nilikuwa nimeitwa usaili kwenye shule moja ya binafsi mjini, hizi za inglishi midiamu, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Rafiki yangu aliyepita usaili kama huo alinionya kwamba pale hawatafuti mtu wa kusema "good morning", wanatafuta maneno makubwa. Ndipo nikaanza kwenda kwa mzee huyu kila nikitoka shule, nikafundishwa "reluctant", ndiye mtu anayefanya jambo shingo upande, na "negligible", kitu kidogo kisichostahili kutajwa, na "candid", mtu asiyezungusha maneno. Hilo la "candid" nililitungia sentensi kuhusu mwalimu mkuu wangu, kwamba yeye siye. Mzee akacheka mpaka akakohoa, akanipa vema.

Lakini mara nyingi alinikatalia. Nikiandika kwamba nyumbani kwetu sote hatujambo, ananitazama juu ya miwani. "Kweli?" Nami nilikuwa nakasirika. Yamkini yeye kwao milimani wanasema kila kitu, sisi pwani hatukulelewa hivyo.

Kwetu mtu haulizwi hali akajibu maradhi. Kwanza sijambo, tena kwa sauti, halafu alhamdulillahi, halafu unamuuliza mwenzio za kwake. Hata mgonjwa aliyelazwa chali, watu wakija kumtazama, husema, "Sijambo, ila siwezi." Ni lazima hiyo sijambo itangulie. Mama yangu alitufundisha hayo kwa makofi. Maneno huumba, alituambia, na anayelitaja baya ndiye anayelikaribisha kiti.

Sasa mama alikuwa na sukari, na mwaka huo alikanyaga gamba la chaza alipokwenda pwani kuokota na wenzake maji yalipokupwa. Jeraha lenyewe dogo tu, chini ya vidole. Mwanzo alikwenda kufungwa zahanati ya kijijini. Siku moja nesi akamwambia kwa ukali aache kutembea peku na aache kupanda ngazi za watu kuhudhuria kila arusi. Mama akarudi kavimba kwa hasira. "Mtoto niliyembeba mamake mgongoni leo anipayukie miye!" Hakurudi tena. Akawa anajifunga mwenyewe chumbani, kwa utomvu wa mshubiri na kipande cha khanga kuukuu, mlango kaubana.

Nilijua. Nyumba yetu ni ya vyumba viwili, utafichana nini? Nilianza kusikia harufu. Nikamwambia, "Mama, kidonda hiki hakiponi." Akanijibu, "Weye daktari?" Nikamwambia tena kesho yake, akaacha kula chakula nilichopika. Wallahi nilikuwa nachemka ndani. Darasani nawafundisha watoto methali, mficha maradhi kifo humuumbua, wanaimba wote kwa pamoja kwa furaha, nami nikifika nyumbani naketi mezani na mficha maradhi wangu tunazungumzia bei ya dagaa.

Kliniki ya sukari ilikuwa hospitali ya mjini, mara moja kwa mwezi. Siku hiyo mama alijipamba kama anayekwenda kupokea posa. Alinunua bandeji mpya nyeupe duka la dawa, akajifunga vizuri kuliko nesi yeyote, kisha akajifukiza udi, mguu na nguo na buibui, chumba kikawa hakionekani. Akaingia kwa daktari ananukia. Daktari alikuwa kijana wa bara, mpole, na foleni nje imefika getini.

"Shikamoo mama. Unaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Sijambo, alhamdulillahi. Wewe hujambo? Mkeo hajambo? Watoto?"

"Hawajambo. Kidonda je?"

"Kinakauka."

"Unafungwa wapi?"

"Hapo zahanati yetu."

Daktari akatazama bandeji jinsi ilivyo safi, akaridhika, akahamia kwenye sukari. Mimi nilikaa pembeni na mkoba wa mama mapajani, nimeuma meno. Kumrudi mzazi mbele ya mgeni, kumwambia mama yako muongo huku kijana wa watu anasikia, huo mdomo sikuumbiwa. Na kurudi baadaye peke yangu kumsema nyuma ya mgongo wake niliona ni usengenyaji tu, ingawa ni kwa daktari. Tukatoka, kanishika bega. Ngazini akayumba, akasema viatu vinateleza.

Wiki iliyofuata mwalimu wangu akanipa "deteriorate". Maana yake, akasema, ni kuharibika kidogo kidogo, kila siku zaidi ya jana. Nikaandika kwamba barabara ya Pangani iliharibika kwa mvua.

"Barabara ya Pangani imepigwa lami, we mama. Uongo."

Nikaandika kwamba hali ya hewa inaharibika. Akatazama juu, mbingu nyeupe haina hata wingu, akanirudishia karatasi. Hapo nikapandwa na wazimu. Nikaivuta ile karatasi, nikaandika kwa kukandamiza kalamu mpaka ikatoboka: "My mother's foot is deteriorating." Nikamsukumia. Haya, kweli yako hiyo, ule ushibe!

Akaisoma. Hakuweka vema, hakuweka kosa. Akauliza, kwa Kiswahili, "Nani mwingine anajua?"

Nikalia. Nililia vibaya, kamasi na yote, mbele ya mwanamume asiye ndugu yangu, kuku wakinitazama. Maskini hakujua afanye nini, akaenda jikoni akaniletea chai isiyo na sukari, akasimama kando ameshika kisahani. Nikamweleza yote. Akasema, "Sasa si umwambie daktari?"

"Mama atakuwa ameketi pale pale."

"Basi ngoja atoke."

"Hatoki bila bega langu."

Mimi ndiye niliyeitazama ile sentensi yangu mezani, nikaona kwamba mama anaweza kuketi pale pale asiielewe. Wala haitakuwa nyuma ya mgongo wake. Nilijiona mjanja! Nikamwambia mzee aache habari za usaili, anifunze hayo tu. Akanifunza "conceal", kuficha kwa makusudi. Akanifunza kusema "foul smell", harufu mbaya, bila kuona haya. Tulizitunga sentensi zile kwa siku kadhaa, nikazisema kwa sauti mpaka ulimi ukalegea, naye kila nikikosea matamshi ananigongea meza kama mtoto wa darasa la tatu. Zote zilikuwa za kweli. Hakuna hata moja aliyonikatalia.

Siku ya kliniki ikafika. Udi kama kawaida, bandeji kama kawaida. Mama akajibu sijambo yake, akauliza mke na watoto. Daktari akauliza kidonda, mama akasema kinakauka. Ndipo nikafungua mdomo. Nilizisema zote mfululizo, kwa maneno yale makubwa, bila kupumua, macho yangu nimeyakaza kwenye kalenda ya ukutani.

Daktari akaweka kalamu chini. Akaniuliza swali moja kwa Kiingereza, nikajibu. Mama alikuwa ananitazama mimi, kisha daktari, kisha mimi, bado anatabasamu, kama mtu aliyeingia kwenye kikao cha wenyewe. "Mnazungumza nini?" akauliza. Hakuna aliyemjibu. Daktari akapiga magoti, akasema kwa upole, "Mama, niruhusu nifungue." Mama akauvuta mguu. Akanitazama tena, na sasa tabasamu limekwisha.

Bandeji ilipofunguliwa, udi wote ule haukufaa kitu. Vidole viwili vilikuwa vyeusi. Daktari hakumkemea. Aliita nesi, akaandika kulazwa. Mama aliniambia neno moja tu, "Nipe mkoba wangu," na akaukumbatia kifuani mpaka wodini.

Walimkata vile vidole viwili na nyama iliyooza. Mguu ukabaki. Daktari alinivuta kando akaniambia tungechelewa kidogo tu, ungekwenda mguu mzima, na pengine mwenyewe. Nilitoka pale ukumbini nikitetemeka kwa furaha. Nilijiambia nimemwokoa mama yangu kwa Kiingereza. Usaili wangu ulinipita siku ambayo nilikuwa namfulia mashuka, shule ikamchukua mtu mwingine, na kusema kweli sikuhuzunika hata kidogo.

Kilichonihuzunisha ni mama. Hakusema nami. Kitanda cha jirani alikuwa mwanamke wa Kipemba, mke wa mfanyabiashara wa karafuu, na huyo ndiye aliyepewa hadithi zote, za arusi, za majirani, na mpaka utoto wangu mimi mwenyewe ulisimuliwa nikiwa nimesimama hapo na bakuli la uji. Mimi nilipata "weka hapo" na "ahsante". Tukarudi Tongoni, majirani wakaja kumjulia hali, akawajibu wote sijambo, kwa sauti ile ile. Nilikasirika. Nilitaka kumwambia, mama, mimi ndiye niliyekufanya uwe hai wa kuninunia. Namshukuru Mungu sikusema.

Alasiri moja, mguu wake ukiwa juu ya kigoda na mikono ikisuka ukili wa mkeka, akaniita. "Hebu kaa."

Nikakaa.

"Yale uliyomwambia daktari. Nifasirie."

"Mama, yameshapita."

"Kwako. Nifasirie, nasema."

Nilijaribu kufupisha. Akanikatiza. "Nimekuzaa, nimekulea, nimekupeleka chuo cha ualimu kwa ukili huu huu. Halafu ukaninena miye nimekaa papo hapo, kama mbuzi mnadani, wanunuzi wanapatana kwa lugha yao. Vidole sikulilii. Vidole vilikuwa vimeshakufa, nilijua. Lakini ungesema kwa Kiswahili ningekubishia. Ningekutukana, ndiyo. Tungegombana mbele ya yule kijana, ikawa aibu yetu sote wawili. Lakini ningekuwemo. Haya, sema!"

Basi nikasema. Sikuwahi kuona kazi nzito kama ile. Maneno yale yale niliyoyatema kwa Kiingereza bila kupumua, kwa Kiswahili yalinikwama kooni moja moja. Mguu wa mama yangu unaharibika, kila siku zaidi ya jana. Ameacha kwenda zahanati. Hasemi kweli kuhusu kidonda, anakificha kwa makusudi. Kinatoa harufu mbaya, naye anaifunika kwa udi.

"Hee! Hata udi ukausema!"

"Nilisema, mama."

"Enhe. Halafu?"

"Halafu basi."

"Basi?"

Mikono yake ilikuwa imesimama. Mimi nilikuwa natazama chini, kwenye ile bandeji, safari hii iliyofungwa na nesi, imekaa upande kidogo. Sijui nini kilinitoka. Nikamwambia, "Nilikuwa naogopa utakufa, mama. Kila nikirudi shule nilikuwa nasimama mlangoni kwanza, nasikiliza kama unakohoa."

Akaushusha ukili mapajani.

"Hilo nalo ulimwambia daktari?"

"Hilo sikumwambia."

"Kiingereza chake hukukijua?"

"Nilikijua."

Akauokota ukili wake, akautafuta mwanzo wake, hakuuona. Sauti ilipomtoka ilikuwa ndogo, siyo ile ya kujibia majirani.

"Hilo ungeniambia miye," akasema. "Ningekwenda zahanati."