Pasaka ya Baba Asiyeamini

Kila ninapopita kwenye mboga za majani dukani, harufu ya jarjir hunisimamisha. Mnaoishi Doha mnayajua majani yale mabichi, makali kama haradali, ambayo Waarabu huyala pamoja na samaki. Kwa wengine ni saladi tu. Kwangu mimi ni Pasaka, na ni Baba amesimama jikoni kwetu Al Wukair, mikono imejaa unga, anakimbizana na saa ya ukutani.

Baba alikuwa fundi wa AC, Mganda wa vilima vya karibu na Mbale, ambako ukoo wake ulishika dini ya Kiyahudi tangu kabla Babu hajazaliwa. Mama alikuwa nesi, Mkenya wa Nyeri, Mkristo wa kuimba kwaya. Na Baba, niwaambie mapema, hakuamini kwamba Mungu yupo. Hakubishana na mtu. Mama akisali kabla ya kula, aliinamisha kichwa kwa adabu, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kuongea kwa simu.

Lakini Pasaka ya Kiyahudi ikikaribia, hakuna aliyemweza. Chochote chenye hamira kilitolewa nyumbani. Hata biskuti zangu zilipelekwa kwa jirani. Alikanda unga kwa maji matupu, akaoka mikate bapa kwenye kikaango, haraka haraka, kwa sababu mababu walitoka Misri mbio na unga wao haukupata nafasi ya kuumuka. Alitwanga tende na karanga za kukaanga mpaka zikawa na rangi ya matope, tukumbuke matofali waliyoyafyatua utumwani. Jarjir ilikuwa uchungu wenyewe. Divai hatukuwa nayo, kwa hiyo tulikunywa juisi ya zabibu kwenye glasi walizopewa Baba na Mama siku ya harusi yao.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la tatu, na nilikuwa na mzigo moyoni. Kule Mesaimeer, penye makanisa, kwenye shule ya Jumapili ambayo Doha hufanyika Ijumaa, mwalimu alituambia kwamba wasioamini watabaki nje siku mlango utakapofungwa. Alisema kwa upole tu, huku akigawa peremende. Wenzangu walikula peremende zao. Mimi nilimwona Baba amesimama nje na sanduku lake la vifaa, kwenye jua la Agosti.

Nilianza kumwombea. Nilimwombea kwenye basi la shule, nikamwombea chooni. Sikuona mabadiliko. Ndipo nikapata wazo. Kwenye chakula cha Pasaka, mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayeuliza kwa nini usiku huu hauko kama mwingine, na mkubwa hana ruhusa ya kumnyamazisha. Lazima ajibu. Na mtoto nyumbani nilikuwa mmoja.

Jioni hiyo mgeni wetu alikuwa Anti Wanjiru, nesi mwenzake Mama na rafiki yake wa kwaya kanisani, mwanamke ambaye hata lifti ikikwama aliikemea kwa jina la Yesu. Alikuja kila mwaka, akala vizuri, na kila mwaka alimtazama Baba kwa huruma kama mgonjwa anayekataa dawa.

"Haya, Debora," Baba akasema. "Uliza."

Nikasimama. "Baba, utaamini lini?"

Mama akaweka glasi chini. Anti Wanjiru akasema "Haleluya" kwa sauti ndogo, kisha akajishika mdomo.

"Nani amekutuma?" Baba akaniuliza.

"Hakuna. Sitaki ubaki nje."

Hakuniuliza nje wapi. Alipangusa mikono yake ingawa haikuwa na kitu.

"Nilipokuwa mdogo kuliko wewe," akasema, "serikali ilipiga marufuku dini yetu. Kusali kukawa kosa. Babu yako aliziba madirisha kwa mablanketi, tukala Pasaka kwa kunong'ona. Mwaka huo kaka yangu Yoeli akashikwa na malaria. Babu yako aliomba mpaka sauti ikamkauka. Tukamzika Yoeli. Tangu hapo nikijaribu kusali, ni kama kupiga simu iliyozimwa."

"Sasa mikate unaoka ya nini?"

"Mwaka uliofuata nilijua baba yangu hataoka. Akaziba madirisha tena, akaoka. Kama Mungu alikuwa mle chumbani, mimi sikumwona. Baba nilimwona. Mimi ni Myahudi kwa sababu hiyo, Debora. Nikiacha, nitakuwa nimemwacha pale peke yake."

Nilimgeukia Anti Wanjiru nikitarajia kemeo. Alikuwa anaitazama sahani yake.

"Huyo Yoeli alikuwa na miaka mingapi?" akauliza.

"Saba."

Akajimegea kipande cha mkate. "Tuendelee basi, Baba Debora. Kuna kuimba, si ndio?"

Baba akaimba kwa Kiebrania, kwa ule mdundo wa kwao kijijini, na kabla ubeti wa pili haujaisha wale wanakwaya wawili walikuwa wameshadaka sauti zao, mmoja juu, mmoja chini, bila kujua neno hata moja. Mimi sikuridhika. Niliendelea kumwombea kwa siri kwa miaka kadhaa.

Nilipomaliza chuo nilikwenda kumwona Babu. Baba hakupata likizo, nikaenda peke yangu. Babu alikuwa mzee sana, na bado ndiye aliyewaongoza wenzake katika sala. Tulielewana kwa Kiswahili alichojifunza sokoni Busia. Siku moja nikamuuliza kama anajua kwamba mwanawe haamini.

"Anadhani ananificha," akasema. "Mtoto wangu, nisimjue?"

"Na hukasiriki?"

"Nikasirike nini? Yoeli alipokufa, mimi pia nilinyamaziana na Mungu. Miaka mingi. Mdomo unasema maneno, ndani hakuna kitu. Baadaye ilirudi, pole pole, sijui namna gani. Lakini ule mwaka wa kwanza sikutaka kuoka. Nikamwona baba yako amekaa hapo, anaangalia mikono yangu. Nikasema, huyu amekosa ndugu. Akikosa na Pasaka, atabaki na nini? Nikawasha moto."

Nilimpigia Baba pale pale. Alikuwa juu ya paa la nyumba fulani Umm Salal. Nilisikia upepo na mashine zikivuma. Nikamweleza.

"Mzee amesema hivyo mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Mpe simu."

Waliongea kwa lugha ya kwao, ambayo siijui. Jina la Yoeli tu ndilo nililolitambua, na Babu alilitaja tena na tena.

Utotoni nilidhani watu ni wa aina mbili, wanaoamini na wasioamini, na kwamba kazi yangu ni kumvusha Baba aje upande wetu. Kumbe katika chumba kile chenye mablanketi kulikuwa na baba aliyeoka kwa ajili ya mtoto, na mtoto aliyekuja kuoka maisha yake yote kwa ajili ya baba, na kila mmoja alidhani ni mwenzake ndiye anayeihitaji Pasaka. Sijui hilo linaitwaje katika dini yoyote. Najua tu kwamba nilitoka uani nikawaachia nafasi, na kwamba Babu, aliyezoea kukata simu upesi kwa kuogopa gharama, siku hiyo hakuikata.