Picha Aliyoiruka Keza

Ukitaka kumkasirisha Keza, mwambie haraka haraka haina baraka. Atakuuliza baraka ya kuchelewa iko wapi, kisha atakupa mgongo. Katika kibanda chake cha kuchapa, pale Kimanga mjini Uvira, kipanya cha kompyuta kilikufa zamani na hakununua kingine. Cha nini? Vidole vyake vinajua njia zote za mkato. Ctrl na A, picha zote zimekamatwa. Ctrl na D, slaidi imezaa pacha wake. F5, ukuta mzima umewaka. Wanafunzi humletea kazi zao za kumaliza masomo, na kabla soda haijaisha mkononi wanaondoka na slaidi zao. Majirani wa kazi hiyo hiyo bado wanasukuma vipanya vyao kama watu wanaofuta meza.

Jambo moja tu lilimshinda. Mamake, Ninahazwe, alifariki Keza akiwa mdogo, walipokuwa wakikaa Sange, akaacha picha moja. Picha hiyo ilikwenda na nyumba mwaka ule mto Mulongwe ulipofurika hapa Uvira, walikohamia baadaye. Tangu hapo kila mtu wa Sange aliyekanyaga kibandani aliulizwa kama hana picha yenye Ninahazwe ndani. Hakuna aliyekuwa nayo. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba sura yenyewe ilikuwa inamtoka kichwani. Alibaki na kicheko cha mamake, na urefu wake, mama mrefu wa kugusa dari. Macho yalikuwa yamefutika. Alilionea aibu jambo hilo, hakumwambia mtu.

Basi akaja Mama Honorine, mjane wa mwalimu Libérat, aliyefundisha kwaya Sange miaka mingi. Familia ilikuwa inamaliza matanga na ilitaka picha za marehemu zioneshwe ukutani. Mama Honorine alimpa Keza flashi yenye picha hizo lakini mkono wake haukuiachia.

"Utaziangalia mbele ya kuziweka, eh?"

"Usiogope, Mama. Sasa hivi zote ziko tayari."

"Sikusema uziweke mbio. Nimesema uziangalie."

"Ndiyo, Mama."

Ndiyo ya mdomoni hiyo. Mjane alipotoka tu, Ctrl na A, picha zote zikaingia kwa mkupuo, kila moja kwenye slaidi yake. Keza hakuitazama hata moja. Kutazama kunachelewesha.

Siku ya matanga ukumbi wa parokia ulijaa. Mapazia yalifungwa mchana kweupe, jenereta likinguruma nje. Mjane alikaa mbele. Keza pembeni na kompyuta yake, kidole juu ya kibonye kile kirefu cha kupeleka slaidi mbele. Frédéric, mdogo wa marehemu, alieleza kila picha kwa maikrofoni: Libérat darasani, Libérat na baiskeli mpya, Libérat na kwaya ya Sange. Keza aliinua macho mara moja tu, kuona kama picha imekaa sawa.

Pembeni mwa kwaya alisimama mwanamke mwenye beseni kiunoni, anacheka mdomo wazi.

Kidole kilikuwa kimeshabonyeza. Ukutani Libérat alikuwa juu ya pikipiki.

Keza alihisi damu inampiga masikioni. Si yeye, alijiambia. Kisha: Mungu wangu, kicheko kile kile, ni mama. Kurudi nyuma ni kibonye kimoja chenye mshale, hata mtoto anakijua. Lakini siku hii ilikuwa ya Libérat, na yeye Keza alikuwa mtu wa mashine tu. Nani amewahi kusimamisha matanga ya mwenzake ili alie ya kwake?

Alibonyeza mshale.

Kwaya ikarudi ukutani. Minong'ono ikaanza.

"Keza, kuko nini?" Frédéric aliuliza, maikrofoni ikapiga kelele. "Ile tulishaona. Songesha!"

Hakuweza. Yule mwanamke alikuwa mfupi! Kichwa chake kilimfika Libérat kwapani. Mfupi, mwenye mwanya, na msichana kabisa, mdogo kuliko Keza mwenyewe alivyo leo. Miaka yote hiyo alikuwa amemhifadhi mtu mwingine kichwani. Alishtuka kuliko siku alipoiona nyumba inakwenda na maji.

"Songesha basi, watu wanangoja!"

"Wacha hapo, Frédéric." Mama Honorine alikuwa amesimama. Hakumtazama shemeji yake. Alimtazama Keza, tena kwa hasira kidogo. "Ule iko Ninahazwe. Alikuwa anatuletea maji kila tukiimba. Nilisikia unamutafuta, nikapekua sanduku la mwalimu mpaka nikamupata, nikamupiga picha na simu, nikamutia mu flashi juu yako, umuone. Nikakuambia weye uziangalie, ili umulilie kwako, pole pole, hapana mbele ya watu."

"Minye sikuangalia, Mama."

"Naona. Basi angalia sasa."

Keza aliitoa mikono kwenye vibonye, akaiweka mapajani. Ukumbi mzima ulimngoja, hata Frédéric, na yeye mwenye haraka ndiye aliyeshindwa kwenda mbele.