Mama wa Mpofi na Mashine Zilizokataa Watu

Yule shefu wetu, mkuu wa ofisi aliyetoka Kinshasa, sikumpenda tangu siku ya kwanza, na sitaanza kumpenda leo kwa sababu naandika. Saa yake ya mkononi aliiacha kwenye majira ya Kinshasa, yaliyo nyuma ya yetu ya Masisi kwa saa moja, akisema ndiyo saa ya nchi. Akitangaza mkutano wa saa tatu, sisi tunakaa kwenye benchi kama wagonjwa hadi saa nne, halafu yeye anaingia na kutuuliza kwa nini tumenuna.

Kazi yangu ilikuwa kutunza kompyuta za ofisi. Zote ziliunganishwa na mashine kuu moja iliyofungiwa katika chumba kidogo, na ufunguo alikuwa nao shefu. Kila asubuhi mtu aliandika jina lake na neno la siri, mashine kuu ikamtambua, akaanza kazi. Jumatatu moja, baada ya mvua na mawingu kumaliza betri za sola, ikaanza kuwakataa watu. Nilikagua nyaya, nikazima, nikawasha, nikawaambia waandike tena polepole. Wapi.

Mmoja tu hakuwa na shida: mama wa uhasibu, mwenyeji wa Mpofi, kule kwenye misitu ya Walikale. Kompyuta yake ilifunguka vizuri, na hilo likatosha kumponza. Mtunza stoo, anayeimba kwaya kila Jumapili, ndiye aliyeanza.

"Bale bantu ba pori banajua kufunga," akasema. "Ule mama njo amefunga ma-ordinateri."

Kabla ya adhuhuri ofisi nzima iliamini kwamba mama amezifunga kompyuta kwa uchawi, hata waliozoea kula sombe yake ya majani ya muhogo. Wakampekua mkoba wakitafuta dawa, wakakuta Biblia na muhindi wa kuchoma. Shefu, msomi wa kuvaa tai, hakuwakemea. Alimpokonya mama funguo za ofisi, akamwambia kwamba mashine zisipofunguka kufikia jioni, arudi kwao, kazi imekwisha. Mama yule alikuwa mjane, na watoto wake walisoma kwa kazi hiyo. Alikwenda kukaa uani, akatupa kisogo.

Nilikaa kwenye kiti chake nikiwa nimefura kwa hasira. Kona ya kioo cha kompyuta ilionyesha saa tano. Simu yangu ilionyesha saa sita. Nikaenda kwenye kompyuta ya mtunza stoo, nikairudisha saa yake nyuma, nikamwambia aandike jina lake. Ikafunguka. Ndipo nilipoelewa: saa ya kompyuta ikipishana mno na ya mashine kuu, mtu hukataliwa hata akiandika sawasawa.

Nikamuuliza shefu ni nani aliyeiwasha mashine kuu baada ya betri kuisha. Ni yeye. Aliikuta imepoteza saa, akaipanga kwa kutazama mkono wake. Kisha akapanga na ya mama, kwa kuwa kwenye kompyuta hiyo ndiko alikokuwa akichapia kazi zake.

"Si njo saa ya inchi?" akaniambia.

Hakuona haya hata chembe. Aliniamuru nirekebishe kimyakimya. Nilirekebisha, lakini kimyakimya sikuweza. Nilisema kwa sauti, mpaka walinzi wa getini wakasikia.

Mama akaitwa. Mtunza stoo alimrudishia mkoba akichekacheka, akisema ulikuwa mzaha tu. Shefu alimsukumia funguo mezani na kumwambia kazi iendelee. Hakuna aliyeomba msamaha, na mimi nilitamani kuwatandika wote. Mama hakuzigusa funguo. Alitutazama mmoja mmoja.

"Mashini ilikataa bantu kwa sababu haikubajua," akasema. "Ninyi mulikuwa munanijua."

Kisha akazichukua, kwa kuwa watoto ni lazima wasome, akaketi kati yetu.