Mtoto Amekaa, na Mkwe Yuko Langoni

Ile asubuhi naikumbuka kwa matope yake, mwanangu. Lakini nianze wiki chache nyuma, maana matope yalinikuta nimeshakosea.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa nimetoka Chuo Kikuu, nikapangiwa kufundisha Tukuyu, nikaolewa kijiji cha Kinyala. Mimba yangu ya kwanza ilipofika mwezi wa nane, mkunga wa hospitali ya misheni alinipapasa tumbo, akacheka kidogo.

"Mwalimu, mwanao kakaa kama mjumbe mkutanoni. Kichwa juu, matako kwenye kiti."

Kisha akaacha kucheka. Akanieleza taratibu kwamba huenda mtoto akageuka mwenyewe. Asipogeuka, daktari angejaribu kumgeuza kwa mikono, kwa nje. Ikishindikana, wangeangalia kama azaliwe hivyo hivyo daktari akiwepo, au nipasuliwe.

"Ila nyumbani usizalie. Wiki ijayo njoo ukae hapa na wenzako wanaosubiri siku zao."

Nikasema nitafikiri. Ee, kufikiri ndiyo ilikuwa kazi yangu! Nilichukua daftari, nikaandika upande mmoja hofu za kupasuliwa, upande wa pili hofu za kutopasuliwa. Je, nisipoamka kwenye dawa ya usingizi? Je, mimba ya pili itakuwaje? Je, majirani watasema msomi hajui kuzaa? Nilijaza kurasa, nikarudi kusahihisha hata nukta na mikato. Sababu yenyewe sikuiandika popote.

Baba mkwe wangu alikuwa mlinzi wa lango la hospitali ile.

Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hamsemeshi, wala hapiti alipo. Nikimsikia anakohoa njiani nilijitosa kwenye migomba mpaka apite. Hata kliniki nilikwenda siku zake za mapumziko. Sasa nikakae wiki nzima, pengine nne, kwenye baraza inayotazama lango, na tumbo lile? Nilishindwa. Kulisema nako nilishindwa, kwa aibu. Mimi niliyewafundisha wanafunzi kwamba mila nyingine zimepitwa na wakati, leo namkimbia mzee mwenye kofia ya ulinzi! Mume wangu alikuwa Mbeya kikazi. Nilimwandikia barua tatu, zote za kisu cha daktari. Mama mkwe aliponiuliza, nilimjibu, "Wamesema nisubiri tu, mama."

Huo ulikuwa uongo, na niliusema kwa sauti nzuri kabisa.

Uchungu ulinianza asubuhi ya mvua, chupa ikapasuka. Wanaume walikuwa kwenye shamba la kijiji. Wanawake wanne walinibeba kwenye machela ya mianzi, mama mkwe akiwa mmoja wao. Njiani nilimweleza ukweli wote, nikilia. Alikaza mwendo tu.

Kwenye mteremko wa mwisho, mwanamke wa mbele aliteleza, machela ikainama. Nikaona mabuti yanakuja mbio kwenye matope. Nilijifunika uso kwa kanga. Machela ikainuka tena, na nilipochungulia niliona mgongo wa baba mkwe. Alikuwa ameshika mbele, amenipa kisogo.

"Mama Ambakisye," alimwita mkewe, maana mimi hakuweza kunisemesha, "muulize mkwe wetu kwa nini hakuja mapema."

"Alikuwa anakuogopa wewe."

Nilimsikia akihema.

"Mwambie heshima hiyo ni yangu mimi. Angenitumia neno moja tu, ningeomba kulinda lango la nyuma, kule kwenye kuni. Asingeniona hata siku moja."

Lango la nyuma! Katika kurasa zote zile halikuwamo.

Nafasi ya kumgeuza mtoto ilikuwa imepita, na ya kupasua pia, maana alikuwa ameshashuka. Daktari alimtoa kwa shida, mkono mmoja umenasa nyuma ya kichwa. Alikawia kulia, na ule ukimya ninao mpaka leo. Binti yangu yu hai, ana watoto wake, ila mkono wake wa kushoto haujawahi kupanda juu ya bega. Nikimwona anajitwisha ndoo kwa mkono mmoja, mimi hutazama pembeni. Huenda ningewahi na bado mkono ungeumia. Mkunga hakunificha hilo. Lakini ruhusa ya kuchagua nilikuwa nayo mkononi, nikaiacha ikapita.

Basi, mwanangu, ukiambiwa mtoto wako amekaa, uliza yote. Uliza kuhusu kumgeuza, kuhusu kumzaa hivyo hivyo, kuhusu kupasuliwa, na uende ukae karibu na wanaojua kabla siku haijafika. Hofu za kitabibu mpelekee daktari. Lakini ile hofu moja unayoificha chini ya nyingine zote, itoe kwanza, umwambie anayeweza kuiondoa. Pengine ni mtu mmoja tu anayetakiwa kuhama lango, naye yuko tayari, ila hajaambiwa.

Kyala, Mungu wa wazee wetu, amwelekeze mwanao njia. Akupe ulimi wa kusema mapema. Na siku utakayofika hospitali, hata kama ni kwa matope, umkute mtu wa kuinua machela.