Pindo la Kukua

Taka-taka-taka, kimya, taka-taka. Sauti hiyo ndiyo iliyoniamsha utoto wangu wote, kabla sijafumbua macho, kabla mwanga haujapenya pazia lililotenga kitanda changu na kazi ya mama. Chini ya mlio wa sindano kulikuwa na mlio mwingine, mkwaruzo mdogo wa kanyagio, na kwa mkwaruzo huo nilijua mama anashona nini. Sketi zilikwenda mbio. Kola zilisitasita.

Tuliishi Same mjini, lakini cherehani ilitoka juu, Mhezi. Babu aliinunua mwaka ambao kahawa ilikubali, ikapandishwa mlimani na wanaume wawili, mmoja amejitwika kichwa cha mashine na mwingine meza yake. Ubavuni ilikuwa na maandishi ya dhahabu yaliyofifia. Mama hakujua Kiingereza, ila alijua kuwa ilitengenezwa Marekani.

"Wao wamekunywa kahawa ya baba yangu," alipenda kusema, "sisi tumepata mashine. Tuko sawa."

Alishona sare za shule, na watoto wengi aliowashonea hakuwahi kuwaona. Mzazi alimpima mtoto nyumbani kwa uzi wa katani: fundo begani, fundo kwenye kiwiko cha mkono, fundo kiunoni, fundo chini ya goti. Uzi ukafungwa kipande cha kitambaa cha rangi ili usichanganyike na mwingine, akapewa kondakta wa basi aulete kwetu. Wafugaji wa tambarare za Kisiwani waliipenda njia hiyo, maana mtoto mwenyewe alikuwa machungani. Ukuta wetu ulijaa misumari, na misumari ilijaa nyuzi. Mama alishika uzi mmoja, akaupitisha kati ya vidole, akasema, "Huyu amerefuka miguu tu, mwili bado," kana kwamba mtoto amesimama mbele yake.

Kila sketi aliiachia pindo la vidole vinne. Aliliita pindo la kukua. Januari sketi ilirudi, akafumua, akashusha vidole viwili, akashona tena. Palipokuwa na pindo la zamani pakabaki mstari wa rangi mbichi. Ungeweza kutazama sketi ya msichana njiani ukajua yuko shuleni mwaka wa ngapi.

Nilipokuwa kidato cha tatu nilikuwa nikijisomea historia karibu naye. Siku moja mada ilikuwa viwanda vya Marekani. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, nikawa namtafsiria huku anashona.

"Zamani huko, mama, fundi viatu alitengeneza kiatu kizima nyumbani kwake. Kisha vikaja viwanda. Mmoja anakata ngozi, mwingine anashona, mwingine anapigilia kisigino. Viatu vikawa vingi, hata maskini wakavaa."

"Vizuri."

"Wasichana wakaacha mashamba ya wazazi wao, wakaenda mijini kufuma vitambaa. Kengele ndiyo iliyowaambia saa ya kuamka na saa ya kula."

"Kama bweni."

"Kama bweni, ila hakuna likizo."

Alicheka, kisha akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Na yule fundi viatu? Alikwenda wapi?"

Nilifunua ukurasa. Kulikuwa na reli, taa za umeme, simu, majumba marefu. Nikafunua mwingine.

"Kitabu hakisemi, mama."

"Basi aliyekiandika hakumaliza."

Wiki ile nilikuwa na mtihani. Swali la mama halikuwemo, nikalisahau.

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, karakana ya ushonaji ilifunguliwa kando ya barabara kuu, banda refu la bati lenye cherehani za umeme zilizopangwa mistari. Shule zikatangaza kwamba sare zote zitanunuliwa pale ili zifanane. Siwezi kusema zilikuwa mbaya. Zilikuwa nafuu, zimenyooka, na nilimwona mtoto wa jirani, aliyezoea kurithi mashati ya kaka zake, akinusa shati jipya kifuani mwake kama mtu anayenusa mkate.

Lakini nyuzi zikaacha kuja. Kondakta alimwamkia mama, akapita mikono mitupu. Na asubuhi moja niliamka kwa sababu sikusikia kitu. Nilivuta pazia. Mama alikuwa ameketi penye cherehani yake, miguu juu ya kanyagio, hakanyagi.

Tukaenda karakana wote wawili, mimi nikisubiri matokeo ya mtihani, yeye akisubiri sijui nini. Mimi nilipewa vifungo. Mama, aliyeweza kushona sare nzima ya mtoto asiyemwona, alipewa kola. Kola tu, kutwa. Msimamizi wetu alikuwa dada mmoja aliyejifunza ushonaji sebuleni kwetu, juu ya cherehani ile ile ya babu.

"Shikamoo, mama fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hili shati langu linakwenda wapi?"

"Linakwenda kwa mtu wa mikono, mama."

"Nitaliona likiisha?"

"Yakiisha yanafungwa, mama. Yanaondoka."

Ijumaa moja mshonaji wa mapindo alikwenda msibani. Msimamizi akamwomba mama ashike sketi. Kutoka kwenye vifungo vyangu niliyaona mabega yake yakiamka, yakienda kama yalivyokwenda nyumbani. Alishona mapindo siku nzima. Jioni tulipokuwa tunatembea kurudi alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa Chasu, lugha ya kwetu mlimani, kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa miezi.

Jumatano iliyofuata sketi zote zilirudi kutoka shuleni. Zilikuwa fupi, juu ya magoti. Mama alikunja vidole vinne, na mkataji alikuwa ameacha kitambaa cha pindo la kidole kimoja. Haikumwingia akilini kwamba mtu anaweza kumkatia mtoto nguo bila kumwachia nafasi ya kukua. Na hapakuwa na uzi wa kumwonya, hapakuwa na fundo chini ya goti. Palikuwa na kibandiko cha saizi tu.

Msimamizi alikuja akasimama kando ya mashine ya mama, sketi moja mkononi. Alizungumza kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa mstari wa pili.

"Mama, hapa pindo ni kidole kimoja."

"Nitazifumua zote mwenyewe. Hata leo."

"Tajiri mwenye karakana amekataa. Amesema leo iwe mwisho wako hapa." Alijifuta macho kwa ile sketi.

"Nyamaza. Siku ya kwanza kwangu nilikufundisha nini?"

"Kwamba kitambaa kisiishe chote. Kibaki cha mwakani."

"Basi hukusahau," mama alisema. "Inatosha."

Mbele yake kulikuwa na kola iliyoshonwa nusu. Aliimalizia. Alikata uzi, akaigeuza, akazichokoa ncha zake kwa mkasi mpaka zikachongoka sawa, akaiweka juu ya nyingine. Kisha akauviringisha mkasi ndani ya kanga yake na kusimama.

Nami nikasimama.

"Kaa," alisema. Hakuwa mkali. "Vifungo vyako havijaisha."

Nyumbani hapakuwa na mwingine wa kuleta chochote. Alilijua hilo, nami nililijua. Nikakaa.

Alipita katikati ya mistari, mgongo umenyooka, mkasi kwapani. Hakuna aliyeinua uso. Sindano za umeme hazikuruhusu. Pale mlangoni alisimama kidogo, akaishika nguo iliyotundikwa kwenye kamba ya mwisho, akapapasa pindo lake, akaliachia. Kisha akatoka. Mashine zilinguruma kiasi kwamba sikusikia mlango wa bati ukijifunga nyuma yake. Niliuona tu.