Neno Alilolikata Papa Herménégilde

"Papa Herménégilde, neno refu namna hii unajua aje fasi ya kulikata, ni hapa ama pale?"

Nilikuwa na miaka kumi. Yeye alikaa kwenye benchi la kituo cha afya, barua mkononi, akaniangalia kama nzi aliyeanguka kwenye mchuzi.

"Weye, mambo ya Kiflama iko yako?"

Mama yangu, Ninahazwe, alikuwa amepooza mguu. Candide, anayenyoosha viungo vya wagonjwa, alimlaza chini kwenye mkeka, na kumwinua ilikuwa vita kila siku. Ndiyo maana Candide aliwaandikia marafiki wa Ubelgiji kuomba kitanda. Jibu lilikuja kwa Kiflama, yaani Kiholanzi cha kwao. Papa Herménégilde aliwapikia masista Waflama miaka tisa kule Lubarika. Lugha yao aliisikia jikoni, hakuisoma darasani. Lakini sisi tulikuwa na yeye tu.

Barua ilisema: kwa wagonjwa wenu, massagebed. Hawa watu wanabandika maneno bila kuacha nafasi, sijui wanaogopa kumaliza karatasi. Papa akalisoma kama Kiswahili, akakaza silabi ya pili kutoka mwisho: massa-GE-bed. Kisha akalikata: massa, umati, gebed, sala.

"Wanatutumia sala ya umati."

"Sala tuko nazo za kutosha, Papa. Kitanda ndicho hatuna," Candide akasema.

"Minye nilipika kwao miaka tisa. Weye ulipika wapi?"

Basi siku nne wagonjwa walikusanyika uani kusali pamoja na Wabelgiji walio mbali, wasiojua lolote. Mama alirudi nyumbani akibebwa vilevile.

Siku ya tano simu ikatoka douane, yaani forodha, ya Kavimvira: mzigo wenu usipochukuliwa leo, unarudishwa.

"Mzigo gani?" Candide akauliza.

"Iko na miguu ine ya chuma, madame."

Candide akampigia Mflama aliyeandika. Yule akatamka polepole: mas-SA-zje-bed. Nguvu kwenye SA. Massage, kukanda, bed, kitanda. Angekaza MAS, ingekuwa sala kweli. Candide akakata simu, akatuvuta mimi na Papa mbio hadi barabarani. Tulifika Kavimvira wakianza kufunga mlango, kitanda tukakipata.

Mama sasa anatembea kwa fimbo. Juzi barua nyingine ilifika, nami niko sekondari, nikamuuliza Papa tena.

"Minye sikati tena," akasema. "Kwanza namupigia ule aliliandika, nasikia fasi anatia nguvu."